Wachuuzi Wasioalikwa Katika Miji ya Michezo

Katika miaka ya mwanzo ya World of Warcraft, mchezo ambao kampuni ya Blizzard ya Marekani iliutoa mwezi Novemba 2004, wachezaji waliokuwa wakipita katika miji mikuu ya ulimwengu ule wa kubuniwa walikuta jambo ambalo hata waliozoea kupigana na mazimwi hawakulitazamia: maiti za vijitu vifupi, makumi kwa makumi, zimelazwa ardhini kwa mpango madhubuti, na mwenye kuzitazama kwa juu akatambua kwamba maiti zile ni herufi, na kwamba herufi zile zikisomwa pamoja ni anwani ya duka la mtandaoni linalouza dhahabu ya mchezo. Vijitu vile havikufa vitani. Viliumbwa muda mfupi kabla yake na programu ya kompyuta, vikapandishwa angani kwa hila isiyoruhusiwa, vikaachwa vianguke kimoja kimoja mahali palipopimwa. Na mtu aliyeviumba, ambaye huenda alikuwa amelala usingizi wake ilhali programu ikimfanyia kazi, akangoja wateja.

Msomaji ambaye hajapata kuicheza michezo ya namna hii na afikiri baraza la mji wa pwani baada ya sala ya alasiri, watu wameketi, kahawa inazunguka, hadithi inasimuliwa na mwingine anaingoja zamu yake, mara anatokea mchuuzi mwenye kipaza sauti akasimama katikati ya mkeka, akanadi bidhaa ile ile kwa maneno yale yale kila baada ya sekunde tano, na akiondoshwa akarudi na uso mwingine, na huo ukiondoshwa akarudi na nyuso kumi. Wachezaji hawa, ambao aghalabu hawajapata kuonana ana kwa ana, wamejijengea katika dirisha dogo la maongezi mahali pa kujuliana hali, pa kufanya biashara ya mapanga na ngao, pa kupanga safari za pamoja, na wengi wao wamepata humo marafiki wa miaka mingi. Adha ya ujumbe taka, au spamu kama vijana wanavyoiita, inawaondolea mahali pao pa kukaa. Ndiyo maana sikubaliani hata kidogo na wale wanaosema kwamba haya ni mambo ya kitoto yasiyostahili wino wa gazeti.

Jina lenyewe la kero hii lina uhusiano mkubwa zaidi na michezo kuliko watu wanavyodhani. Spam ilikuwa, na bado ni, nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Hormel ya Marekani mwaka 1937. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza wajulikanao kama Monty Python walitoa igizo fupi la mkahawa ambamo karibu kila chakula kilikuwa na nyama hiyo, na neno hilo likaimbwa na kurudiwa hata likafunika mazungumzo ya wote waliokuwamo. Kisha, katika miaka ya 1980, wachezaji wa michezo ya maandishi matupu, isiyokuwa na picha wala sauti, ambayo asili yake ni mchezo wa MUD uliotungwa na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, wakalichukua neno lile kumwelezea mtu anayejaza kiwambo maneno yasiyo na maana mpaka wenzake wasiweze kusemezana. Kwa sadfa ya ajabu, mwaka huo huo wa 1978, tarehe 3 Mei, Gary Thuerk, aliyekuwa akiuza kompyuta za kampuni ya DEC, aliwapelekea watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET tangazo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameliomba. Mchezo wa kukutanisha watu na tangazo la kuwakera watu vilizaliwa mwaka mmoja, na havijaachana tangu hapo.

Sasa, kwa nini mchuuzi huyu hachoki? Jawabu wamelitoa wataalamu wa vyuo vikuu vya California, cha San Diego na cha Berkeley, ambao mwaka 2008 walijipenyeza katika mtandao wa kompyuta zilizotekwa uliojulikana kama Storm, wakakaa ndani yake wakihesabu. Katika muda wa siku 26 barua taka zipatazo milioni 350 za kutangaza dawa zilitumwa, na watu waliofika hatua ya kutaka kununua walikuwa 28. Mfanyabiashara wa haki, mwenye kulipa kodi ya duka na ujira wa vibarua, angefilisika kabla ya kumpata mteja wa pili kwa hesabu ya namna hiyo. Lakini kwa mtu ambaye kutuma barua moja na kutuma barua milioni kunamgharimu karibu sawa, na ambaye kompyuta anazozitumia ni za watu wengine waliotekwa bila ya habari zao, wateja 28 ni faida, na kesho anaanza tena. Hapa ndipo ilipo siri ya adha yote. Zamani, mwenye kutaka kuutangazia mji mzima ilimpasa ampate mpiga mbiu, amlipe, na mpiga mbiu azunguke kwa miguu yake juani. Gharama ile ndiyo iliyokuwa ikiwalinda watu wasitangaziwe kila upuuzi. Mtandao umeiondoa gharama ya kusema, ukaiacha gharama ya kusikiliza kwa msikilizaji, wala hakuna aliyemuuliza msikilizaji kama ameridhia.

Walioshindwa kuliona hilo waliahidi ushindi wa haraka. Mwezi Januari 2004, huko Davos, Bill Gates alitabiri kwamba baada ya miaka miwili spamu ingekuwa tatizo lililokwisha kutatuliwa. Sheria nazo zimetungwa, ile ya Marekani mwaka 2003, na hapa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inautaja ujumbe usioombwa. Lakini kila mwenye simu katika nchi hii ameshapokea, pengine wiki hii hii, ule ujumbe wa mtu asiyemjua unaomwambia kwamba ile pesa aitume kwenye namba hii. Sheria humfikia mkosaji aliyekamatwa. Mchuuzi wa dhahabu ya mchezo yuko nchi ya mbali, kwa jina la uongo, na akaunti aliyoitumia imekufa kabla ya lalamiko kuandikwa.

Wahandisi walijaribu njia nyingine, ya chujio. Mwezi Agosti 2002 Paul Graham, mtaalamu wa programu wa Marekani, alieleza katika insha yake namna ya kuifundisha kompyuta kuutambua ujumbe taka kwa kanuni za uwezekano zinazonasibishwa na Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761. Kompyuta hupewa fungu la barua njema na fungu la barua taka, ikahesabu kila neno limeonekana mara ngapi upande huu na mara ngapi upande ule, na ujumbe mpya ukifika hupimwa kwa maneno yake yenye uzito zaidi. Ilikuwa fikira nzuri, na ilifanya kazi vizuri. Lakini wachuuzi walijifunza upesi kuandika neno dhahabu kwa tarakimu mahali pa herufi, kuingiza nukta katikati ya anwani, kuyageuza maneno yao kuwa picha, na, kama tulivyoona, hata kuyaandika kwa maiti, ambazo hakuna chujio la maneno linaloweza kuzisoma.

Tena chujio lina dhuluma yake. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walikataliwa kujiandikisha katika huduma ya AOL kwa sababu ndani ya jina la mji wao mna herufi nne ambazo kwa Kiingereza ni tusi. Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili dhuluma hiyo inakuja kwa mlango mwingine. Katika mpango ule wa Graham, neno ambalo kompyuta haijapata kuliona hupewa uwezekano wa 0.4 wa kuwa ni taka, yaani hudhaniwa kuwa jema kidogo kuliko baya. Basi chujio lililofundishwa kwa Kiingereza peke yake litaiona hadaa iliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha kuwa ni maneno ya mgeni mpole, na litaipitisha. Wachezaji wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Bujumbura wanaoongea Kiswahili ndani ya michezo hii hawatalindwa na chujio la watu wengine mpaka wao wenyewe wakusanye mifano ya taka za lugha yao na kulifundisha chujio lao. Kazi hiyo haihitaji mtaji mkubwa. Inahitaji watu wachache wenye subira.

Nikiulizwa rai yangu, nitasema dawa zilizofaa kuliko zote ni zile zilizomrudishia msemaji sehemu ya gharama. Fikira hiyo ilianza mapema: mwaka 1992 Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza kwamba kompyuta ya mtumaji ilazimishwe kufanya hesabu ndogo ngumu kabla ya kila barua, hesabu ambayo mwenye barua moja haihisi na mwenye barua milioni inamwelemea. Fumbo la kapcha, zile herufi zilizopindapinda ambazo Luis von Ahn wa Guatemala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walizipa jina hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilikusudiwa kufanya kazi ile ile kwa kumtoza mtu nadhari yake badala ya fedha, nalo likadhoofika pale wachuuzi walipoanza kuwaajiri maskini wa nchi mbalimbali kufumbua mafumbo 1,000 kwa takriban dola moja. Katika michezo yenyewe fikira hii imechukua sura ya desturi tunayoijua vyema, ya mgeni siku mbili na siku ya tatu mpe jembe, isipokuwa kwamba hapa jembe huja kwanza. Tangu mwaka 2015 Steam, soko la michezo la kampuni ya Valve, halimruhusu mtu kutuma maombi ya urafiki mpaka awe ametumia humo dola 5 za Marekani. Discord, inayotumiwa na vikundi vingi vya wachezaji kwa maongezi, inampa msimamizi uwezo wa kuamuru kwamba aliyejiunga asiseme neno mpaka zipite dakika 10. Katika World of Warcraft mwenye akaunti ya majaribio isiyolipiwa hawezi kumnong'oneza mtu asiyemjua. Dakika 10 kwa kijana aliyekuja kucheza na wenzake si kitu. Atatazama, atasoma kanuni, atajua nani ni nani. Kwa programu inayoumba akaunti mpya kila baada ya sekunde chache, dakika 10 ni msiba.

Lakini gharama ikiwekwa mahali pasipostahili huua kile inachokilinda, na juu ya jambo hili sina mfano mkubwa kuliko RuneScape.

Mchezo huo ulianzishwa mwaka 2001 na ndugu wawili wa Kiingereza, Andrew na Paul Gower, ukakua mpaka ukawa maskani ya mamilioni ya vijana wa dunia nzima, wengi wao wasiokuwa na uwezo wa kununua michezo ya bei, kwa kuwa huu uliweza kuchezwa bure katika kompyuta yoyote yenye intaneti. Uhai wake ulikuwa katika biashara ya wachezaji wao kwa wao: mmoja alichimba madini, wa pili akayafua, wa tatu akavua samaki wa kumlisha mpiganaji, na mkubwa aliyekwisha kutajirika akampa mdogo aliyeanza jana deraya yake ya zamani bila ya kutaka malipo. Wachuuzi wa dhahabu waliingia humo kwa wingi, wakaleta programu zilizochimba na kukata miti usiku na mchana, wakajaza masoko kwa makelele yao, na, jambo lililokuwa zito kuliko yote, wakalipia akaunti zao kwa kadi za benki zilizoibwa, hata kampuni ya Jagex, wenye mchezo, ikajikuta inadaiwa fedha ambazo wezi ndio walioila faida yake.

Jagex ikakata shauri. Mwezi Desemba 2007 ikaondoa mapigano ya Nyika, mahali ambapo aliyeshindwa huacha mali yake kwa aliyemshinda, kwa kuwa wachuuzi walikuwa wakiutumia ushinde wa uongo kuhamisha dhahabu. Na mwanzoni mwa Januari 2008 ikaweka mpaka kwamba mchezaji asimpe mwenziwe kitu kinachozidi thamani ya alichopokea ila kwa kiasi kidogo sana. Kwa upande wa wachuuzi dawa ilikata: mtu hawezi kuuza dhahabu ambayo hawezi kuikabidhi, na makelele yakapungua. Lakini pamoja na mchuuzi aliyeshindwa kukabidhi dhahabu, kaka alishindwa kumpa mdogo wake upanga. Rafiki alishindwa kumkopesha rafiki. Mchezaji wa zamani alishindwa kuwafanyia wageni ile karamu ya kuwarushia zawadi sokoni ambayo ilikuwa furaha ya jioni za Ijumaa. Wachezaji wakaandamana ndani ya mchezo, vijitu vyao vimesongamana uwanjani vikipaza malalamiko, na wengi wakahama moja kwa moja. Adui alikuwa ametolewa, na ukarimu ukatolewa pamoja naye kwa mlango huo huo.

Hali hiyo iliendelea kwa miaka mitatu. Kisha Jagex ikafanya jambo ambalo nadhani linafaa kukumbukwa na kila mwenye mamlaka juu ya mahali pa watu kukutana: ikawauliza wenyewe. Katika kura iliyopigwa mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, zilipatikana kura zipatazo milioni 1.2, na asilimia 91 zikataka biashara huria na Nyika virudishwe, ijapokuwa kila mpiga kura alijua kwamba programu za wachuuzi zitarudi pia. Tarehe 1 Februari 2011 vikarudishwa. Programu zikarudi kama ilivyotabiriwa, na mwezi Oktoba mwaka ule ule kampuni ikatoa mabadiliko ya kiufundi yaliyolenga kuzivunja zenyewe, bila ya kuigusa mikono ya watu inayopeana. Kazi hiyo ingefaa ifanywe tangu mwanzo. Ilikuwa ngumu zaidi na ya gharama zaidi, na gharama yake ilimwangukia mwenye mchezo badala ya mchezaji, na hapo ndipo palipostahili.

Haki inanitaka niseme neno pia juu ya wale wanaoifanya kazi ya kuchuma dhahabu hiyo, maana si wote ni majambazi. Sarafu ya Venezuela ilipoporomoka, vijana wa nchi hiyo wasiokuwa na kazi nyingine walikaa saa nyingi ndani ya RuneScape wakiua mazimwi ya kijani na kuuza walichokipata, kwa kuwa ujira wa humo uliweza kuzidi mshahara wa mwalimu au mhudumu wa duka. Mtu wa namna hiyo siwezi kumlaani. Anayestahili lawama ni tajiri wa katikati, mwenye programu za kupiga makelele na mwenye kununua kadi za wizi, ambaye huchukua faida na kumwachia kijana wa Caracas hatari ya akaunti kufungiwa.

Na tajiri huyo sasa amejifunza kuvaa sura ya rafiki. Mwaka jana mpwa wangu aliniita usiku, "Mjomba, shikamoo, hebu njoo utazame," na sauti yake ilinijulisha kwamba pana msiba. Alikuwa amepata ujumbe kutoka kwa mwenzake wa miaka miwili katika kikundi chao cha mchezo, wenye kiungo cha kupokea zawadi ya bure. Akakifuata, akaandika nenosiri lake, na katika muda wa robo saa akaunti yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, nayo ikawa inapeleka ujumbe ule ule, kwa jina lake, kwa kila aliyemwamini. Kilichomwumiza hakikuwa kupotea kwa mapambo yake ya mchezo. "Watasema mimi ndiye niliyewaibia," alirudia kusema. Msimamizi wa kikundi, kijana wa Arusha ambaye halipwi hata senti kwa kazi hiyo, aliiona hali ile, akaizuia akaunti isiseme, akawatangazia wote kwamba jina limetekwa na mwenye jina hana hatia, kisha akampigia mpwa wangu simu kumpa pole. Chujio halikuyafanya hayo. Aliyafanya mtu anayewajua watu wake, anayejua kwamba yule mwana hasemi namna ile, na ambaye aliikeshea kazi yake.

Wasimamizi wa namna hii wako katika kila kikundi, na wengi huacha kwa uchovu kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa wanafuta taka peke yao ilhali wenzao wanazipita kama wapita njia wanavyopita jalala. Kwa hiyo nina ombi kwa kila mchezaji anayesoma gazeti hili leo. Ukiuona ujumbe taka, usiupite. Bonyeza kitufe cha kuripoti, ni kazi ya sekunde tatu, na ripoti kumi za watu kumi humfikia msimamizi mapema kuliko jicho lake. Ukipata zawadi kutoka kwa rafiki, mpigie kwanza umuulize. Na dhahabu ya mchuuzi usiinunue, hata iwe rahisi vipi, hata uwe umebakiwa na kidogo tu kuufikia upanga unaoutamani. Katika barua zile milioni 350 wanunuzi walikuwa 28 tu, na kwa ajili ya hao 28 wengine wote walisumbuliwa. Usiwe wa 29.